Sura ya Sita: Kupona Nyumbani, na Kazi ya Marafiki

Swali ambalo familia nyingi za Maniema, mashariki mwa Kongo, hujiuliza siku mgonjwa wao anaporuhusiwa kutoka hospitalini, akiwa bado hawezi kusimama kwa mguu wake, ni hili: je, kurudishwa nyumbani kunamaanisha kwamba amepona, au kunamaanisha kwamba madaktari wamekata tamaa? Hakumaanishi lolote kati ya hayo mawili. Hospitali, hata iliyo na vifaa vyote, hufanya sehemu moja tu ya kazi ya kumponya mtu aliyevunjika paja au aliyeumia uti wa mgongo: huzuia damu, husafisha jeraha, hurudisha mfupa mahali pake na kuufunga usisogee. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo ndefu zaidi, hufanyika kitandani na uani kwa mgonjwa mwenyewe, na katika mji kama Lokandu, ulio kando ya mto Lualaba upande wa chini wa Kindu, sehemu hiyo huwa mikononi mwa watu ambao hawakusomea uuguzi: mke au mume, mama, watoto, majirani na marafiki.

Sura hii inaeleza kinachotokea mwilini katika miezi hiyo, kisha inajadili kwa urefu kazi ambayo marafiki wanaweza kuibeba. Hoja inayoiongoza ni kwamba msaada wa marafiki kwa kawaida huja kwa wingi wakati unapohitajika kidogo, na hukauka wakati mgonjwa anapouhitaji kuliko wakati wowote mwingine, na kwamba kosa hilo linaweza kurekebishwa bila fedha nyingi iwapo marafiki watapanga mapema nani aje lini.

Mfupa unavyojiunga

Mfupa ni sehemu hai ya mwili, yenye mishipa ya damu na chembe zinazojenga na kubomoa bila kukoma. Unapovunjika, damu huvilia mahali pale na kuganda, na katika wiki mbili au tatu zinazofuata damu hiyo hubadilika kidogo kidogo kuwa nyama laini inayoshikanisha ncha mbili za mfupa bila kuzipa nguvu ya kubeba uzito. Baada ya hapo madini ya kalsiamu, yaani yale yale yanayofanya meno yawe magumu, huanza kujaa katika nyama hiyo hadi ikawa mfupa mpya, hatua inayochukua takriban wiki 6 hadi 12, na kwa miezi mingi baadaye mwili huendelea kuuchonga mfupa huo mpya ulingane na ule wa zamani. Mfupa wa paja, ulio mrefu na wenye nguvu kuliko yote, humlazimu mtu mzima asubiri miezi mitatu hadi minne, na mara nyingine zaidi, kabla haujaaminika kubeba mwili mzima. Mtoto hupona kwa haraka zaidi.

Maumivu, kwa bahati mbaya, hayafuati ratiba hiyo. Hupungua mapema, mara nyingi wakati mfupa ungali laini, na hapo ndipo mgonjwa na watu wake hudhani kwamba kazi imekwisha, gongo likawekwa pembeni, na mguu uliokuwa umenyooka ukaanza kupinda. Upande wa pili kuna hatari iliyo kinyume chake: mguu usiosogezwa huanza kupoteza misuli katika siku chache tu, goti hukaza likakataa kukunjika, na mgonjwa ambaye mfupa wake umeunga vizuri hubaki kiwete kwa sababu alilala mno. Ndiyo maana kuna fiziotherapia, yaani tiba inayourudishia mwili mwendo na nguvu kwa mazoezi yaliyopimwa, ambayo ni sehemu ya kazi pana zaidi iitwayo utengamao: jitihada zote za kumrudisha mtu aliyeumia katika maisha yake ya kula, kuoga, kutembea, kufanya kazi na kukaa na wenzake.

Aina ya tiba aliyopewa mgonjwa hubadilisha uzito wa mzigo wa nyumbani. Paja linapotibiwa kwa mvuto, yaani kwa kuuning'iniza uzito unaouvuta mguu ili ncha za mfupa zisipandiane, mgonjwa hulala hospitalini kwa wiki nyingi. Anapotiwa chuma ndani ya mfupa anaweza kurudi kwake mapema zaidi. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari wa upasuaji Lewis Zirkle, hutengeneza vyuma vinavyoweza kutiwa bila mashine ya eksirei kuwamo katika chumba cha upasuaji, na hospitali za nchi nyingi zenye kipato kidogo huvitumia. Maendeleo hayo ni makubwa na yanastahili shukrani, lakini yana upande ambao hauzungumzwi vya kutosha: kadiri mgonjwa anavyoruhusiwa mapema, ndivyo nyumba inavyopokea mapema mtu asiyeweza kujihudumia.

Neno moja linahitajika hapa kuhusu mafundi wa jadi wa kuunga mifupa, kwa kuwa familia nyingi huwaendea kwanza, na hakuna faida ya kuwakemea. Wapo wenye mikono mizuri kwa mivunjiko ya kawaida ambayo ngozi haikupasuka. Hatari kubwa ni banzi, yaani vipande vya mianzi au fito vinavyofungwa kuzunguka mguu, vinapokazwa sana: mguu uliovunjika huvimba, damu hukosa njia, na kiungo ambacho kingeweza kupona hufa na hatimaye hukatwa. Mvunjiko uliotoboa ngozi ni wa hospitali tangu saa ya kwanza, bila mjadala.

Kwa ufupi: kupungua kwa maumivu si kuunga kwa mfupa, na mgonjwa wa mguu hukaa kati ya hatari mbili, ya kusimama mapema mno na ya kulala mno.

Kutoka Kindu kurudi nyumbani

Lualaba hupitika kwa vyombo kutoka Kindu hadi Ubundu, umbali wa takriban kilomita 300, na Lokandu imo katika kipande hicho cha mto. Jambo hilo ni neema kwa mtu mwenye mfupa ambao haujaunga. Pikipiki, ambayo huonekana kuwa njia ya haraka, humlazimisha mgonjwa kukaa huku mguu ukining'inia na kutikiswa katika kila shimo, ilhali mtumbwi mrefu humpa nafasi ya kulala chali, mguu ukiwa umeegemezwa juu ya mkeka uliokunjwa na kufungwa usiyumbe. Kutoka ufukoni hadi nyumbani watu wanne wenye kipoyi, yaani machela ya kubebea mgonjwa, hutosha kabisa, mradi wasishindane kwa mwendo.

Kinachosahaulika ni kwamba safari hiyo si ya mwisho. Mgonjwa hutakiwa arudi kupimwa, kwa kawaida baada ya wiki kadhaa na tena baadaye, ili daktari aone kama mfupa umekaa sawa na aseme ni uzito gani mguu uruhusiwe kubeba. Wengi hawarudi, na sababu mara nyingi si uzembe bali ni kwamba fedha zote zilikwisha katika safari ya kwanza. Hapa likelemba, yaani chama ambacho wanachama huchanga kiasi kilicho sawa na kumpa mmoja wao kwa zamu, inaweza kufanya kazi ambayo hakuna mtu mmoja angeiweza: humpa aliyeumia zamu yake mapema, lakini kwa makubaliano kwamba sehemu ya fedha hizo ibaki kwa mtunza hazina hadi tarehe ya kurudi kupimwa ifike. Bila makubaliano hayo, fedha zitaliwa na mahitaji ya siku, na hakuna wa kulaumiwa, kwa sababu njaa haisubiri tarehe ya daktari.

Wageni wa wiki ya kwanza

Mtu anapoletwa nyumbani, uani hujaa. Hakuna anayetaka kusemwa kwamba hakufika, na desturi hiyo ni njema, kwani mgonjwa huona kwamba hakusahauliwa. Lakini wiki ya kwanza ndiyo ambayo familia bado ina nguvu, jamaa wa mbali bado wapo, na chakula bado kinaletwa. Mgonjwa mwenyewe huwa na maumivu na usingizi wa vipande vipande, na kila mgeni humlazimisha aeleze upya jinsi alivyoanguka kutoka kwenye mchikichi au jinsi mti uliokuwa ukikatwa shambani ulivyomwangukia. Mwenyeji hukimbia kutafuta viti na cha kuwapa wageni. Si ajabu jioni mwenye kuuguza akawa amechoka kwa kuwahudumia wageni kuliko kwa kumhudumia mgonjwa.

Wiki ya nane hali ni nyingine. Jamaa wamerudi kwao, akiba imekwisha, na habari za ajali zimekuwa za zamani. Hapo ndipo mazoezi yanapokuwa magumu zaidi, kwa sababu goti lililokaza huuma linapokunjwa na hakuna mtu wa kumtia moyo. Hapo ndipo mgonjwa anapoanza kuhesabu mpunga ambao haukupandwa. Na hapo ndipo huzuni inapoingia, ile huzuni isiyo na kilio, ya mtu anayegeuka ukutani na kusema kwamba hana njaa. Rafiki mmoja anayefika wiki ya nane, akakaa saa moja, akamshika mkono wakati anapojaribu hatua kumi kuzunguka ua, anamsaidia kuliko watu ishirini wa siku ya kwanza.

Njia ya kurekebisha jambo hili ni ya kawaida sana. Marafiki wa karibu, wawe ni wa kikundi cha uvuvi, wa timu ya mpira, wa jumuiya ya kanisa au wa msikiti mmoja, hukutana katika siku za kwanza na kugawana siku za wiki kwa miezi minne, si kwa mwezi mmoja. Anayesafiri hutafuta wa kushika nafasi yake. Ratiba hiyo huandikwa kwenye daftari na kuachwa nyumbani kwa mgonjwa, ili naye ajue nani anakuja kesho, kwa maana kungoja mtu unayemjua kunatia nguvu kuliko kungoja tu.

Kazi zinazohitaji mikono

Msaada unaosemwa kwa maneno ya jumla, kama vile kumwambia mgonjwa aseme akihitaji chochote, humwachia mtu dhaifu kazi ya kuomba, na watu wengi hawataomba. Rafiki anayefaa hutaja kazi na siku. Baadhi ya kazi hizo ni hizi:

- Kutengeneza kitanda chenye kimo cha kiti, kwa kuwa mtu aliyevunjika paja hawezi kuinuka kutoka kwenye mkeka ulio chini bila kuuzungusha mguu.
- Kutoboa kiti imara cha mbao katikati na kuweka ndoo chini yake, ili mgonjwa asilazimike kuchuchumaa kwenye choo cha shimo.
- Kuchonga magongo mawili yanayolingana na kimo chake, yanayoishia upana wa vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na kumkumbusha kwamba uzito hubebwa na viganja, si na kwapa, ambamo hupita mishipa ya fahamu inayoumia kwa kugandamizwa.
- Kuchimbia nguzo na kufunga mianzi miwili sambamba uani, kimo cha nyonga, awe na pa kushika anapojifunza kutembea.
- Kuteka maji na kutafuta kuni katika siku zilizopangwa.

Kuhusu shamba, kazi ya pamoja ya siku mbili au tatu katika msimu wa kupanda inaweza kuamua kama nyumba itakuwa na mchele au haitakuwa nao, na madhara ya kukosa msimu huendelea muda mrefu baada ya mfupa kuunga. Chakula nacho ni dawa kwa maana halisi ya neno: mwili hujenga mfupa na misuli kwa protini na madini, na vyakula vyenye hayo vinapatikana Maniema, mradi vimfikie mgonjwa. Samaki wa Lualaba, hasa wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maharagwe, karanga, mayai, na sombe, yaani majani ya muhogo, iliyopikwa kwa mawese hutosha. Tumbaku huchelewesha kuunga kwa mfupa, hivyo rafiki anayemletea mgonjwa sigara ili kumliwaza anamrefushia siku za kulala.

Kuna pia kazi ya faragha ambayo watu huona haya kuitaja. Mwanamume aliyelala anahitaji kuoshwa na kugeuzwa, na nyumbani anaweza kuwapo mkwe wake au binti yake mkubwa, ambao kwa heshima hawawezi kumwona akiwa wazi. Marafiki wa rika lake wawili, wakifika kila asubuhi, huondoa aibu hiyo nyumbani mwake. Na anapoumia mwanamke, jambo huwa gumu zaidi kwa sababu ambayo wanaume hawaioni upesi: yeye ndiye aliyekuwa mpishi, mteka maji na mwuguzaji wa wengine, na kwa hiyo nyumba hupata mgonjwa na kupoteza mwuguzaji kwa siku moja. Mara nyingi binti huachishwa shule ili ashike nafasi ya mama yake. Marafiki wa mwanamke huyo wakichukua upishi kwa zamu, wanaokoa pia mwaka wa masomo wa mtoto.

Uti wa mgongo unapoumia

Mtu aliyeanguka akaumia uti wa mgongo na kupooza miguu yuko katika hali tofauti na ya mfupa wa mguu, na kwake utunzaji wa nyumbani ni suala la uhai. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia wengi wa waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo walifariki mapema, na mara nyingi hawakuuawa na jeraha lenyewe bali na maambukizo ya njia ya mkojo na vidonda vya kulalia, yaani vidonda vinavyotokea pale ngozi inapobanwa kati ya mfupa na godoro hadi damu ikakosa kupita. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi kutoka Ujerumani, alifungua wodi ya majeruhi hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Jambo alilolisisitiza halikuwa dawa mpya wala mashine: wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na wafundishwe kazi na michezo badala ya kuachwa wakingoja kufa. Michezo aliyoianzisha hapo mwaka 1948 ndiyo iliyozaa Paralimpiki.

Kugeuzwa kila saa mbili kunahitaji mikono na uaminifu, na vyote viwili vinapatikana Lokandu. Haviwezi, hata hivyo, kutoka kwa mtu mmoja. Mke anayeamka mara nne kila usiku kumgeuza mumewe ataanguka yeye mwenyewe kabla ya mwezi kwisha, na kwa hiyo zamu za usiku ndizo zawadi kubwa kuliko zote ambazo rafiki anaweza kuzitoa. Anayeshika zamu hukagua pia matako, visigino, nyonga na mgongo wa chini, na akiona wekundu au weusi usiokwisha baada ya mgonjwa kugeuzwa, huhakikisha mahali hapo hapalaliwi tena hadi rangi irudi.

Kwa watakaohitaji viungo bandia, vishikizo vya miguu au viti vya magurudumu, vipo vituo vya utengamao mashariki mwa Kongo ambavyo vimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, kama Heri Kwetu cha Bukavu na Shirika la Umoja la Goma. Njia ya kuvifikia kutoka Maniema si rahisi, lakini familia inafaa ijue kwamba vipo.

Dalili zisizongoja ratiba

Kila mshika zamu anapaswa kuzijua dalili zinazomrudisha mgonjwa kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku:

- Vidole vya mguu uliofungwa vinapopoa, vinapobadilika rangi au kufa ganzi, au maumivu yanapozidi ndani ya bandeji ngumu badala ya kupungua.
- Homa, usaha, au harufu mbaya kutoka kwenye jeraha.
- Kuvimba na kuuma kwa shavu la mguu, au kukosa pumzi kwa ghafla, kwa kuwa damu inaweza kuganda katika mshipa wa mguu uliolala muda mrefu na kusafiri hadi mapafuni.
- Mkojo kukatika kwa mtu aliyeumia mgongo.
- Usingizi usio wa kawaida, kutapika au degedege kwa aliyeumia kichwa.

Maneno ya kando ya kitanda

Marafiki huleta mikono, na huleta maneno pia. Katika nyumba nyingi ajali kubwa haichukuliwi kuwa ajali tu, na mgeni mmoja akinong'ona kwamba kuna mtu aliyemroga aliyeanguka, mgonjwa hupewa kazi mpya ya kuchunguza ni nani kati ya ndugu na jirani aliye adui. Fedha za kurudi kupimwa huelekezwa kumtafuta mshitakiwa, wazee wenye kuonewa husingiziwa, na mtu ambaye angekuwa anakunja goti lake mara thelathini kwa siku hulala akiogopa. Imani za watu hustahili heshima, na sala za wanaomzuru mgonjwa zimewatia wengi nguvu. Lakini neno linalomtenga mgonjwa na watu wake linavunja msaada wenyewe anaoutegemea ili apone, na rafiki mkubwa wa umri ana haki ya kumwomba anayelileta abaki nalo nje.

Madhara mengine hutoka kwenye huruma. Mgonjwa ambaye kila kitu hufanywa kwa niaba yake, akalishwa ilhali mikono yake ni mizima, hujifunza kwamba hafai. Rafiki mwenye busara humwachia kila kazi anayoiweza, hata kama ataifanya polepole.

Kazi kabla ya kupona

Mwaka 1981, katika kijiji cha Ajoya milimani Mexico, wanakijiji wenye ulemavu walianzisha mradi wa utengamao uitwao PROJIMO, wakishirikiana na David Werner, yule aliyeandika kitabu kinachojulikana kwa Kiswahili kama Mahali Pasipo na Daktari. Waliotengeneza magongo na viti vya magurudumu, na waliowafundisha wengine mazoezi, walikuwa wengi wao watu walioumia au kupooza wenyewe. Funzo linaloweza kuhamishiwa kando ya Lualaba ni kwamba mtu hahitaji kupona kwanza ndipo apewe kazi. Kazi ni sehemu ya kumponya.

Mvuvi aliyevunjika paja hawezi kusimama ndani ya mtumbwi katika mwezi wa tatu, kwa sababu kusimama juu ya maji kunahitaji miguu miwili inayoaminiana, lakini anaweza kushona nyavu za kikundi akiwa ameketi, na akalipwa sehemu yake ya samaki kama mwenzao. Mkulima anaweza kutunza daftari la likelemba, kuchambua mbegu za mpunga au kukarabati mipini ya majembe. Mama mwuzaji anaweza kuuza chumvi na sabuni mlangoni pake, huku rafiki akimletea bidhaa kutoka sokoni. Malipo ni ya lazima hata yakiwa madogo, kwa kuwa kazi ya bure humrudisha mtu katika kupokea huruma. Na kikundi kinapomtarajia arudi mtoni au shambani, kinafaa kukubaliana naye mapema juu ya msimu wa kwanza wa nusu kazi, ambao ndani yake atabeba mizigo midogo na kupumzika anapochoka bila kuulizwa sababu, na makubaliano hayo yasemwe mbele ya kikundi kizima, ili asijilazimishe kubeba mizigo mizito kwa kuona haya.